Kivutio cha Nane

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu mwingine aje kunigombea cheo hicho. Nimekitolea jasho. Wengine waliokuwapo walikosea hapa na pale kama binadamu, lakini ujinga wenyewe, ule wa kukaa chini, kupanga, kuandika na kutoa kopi kumi na mbili, ulikuwa wangu peke yangu.

Mimi ni mpiga picha. Mji mzima unaniita Flashi, hata watoto ambao hawajawahi kuiona flashi yenyewe. Nilipiga picha za mahafali ya chuo chetu kwa miaka ishirini na sita, mpaka simu zilipoota macho na kila mhitimu akawa anatembea na mpiga picha wake mfukoni. Siku hizi napiga za pasipoti, ambazo mteja hukaa kama mtu aliyesomewa mashtaka. Mji nao ndio huohuo: chuo, na sisi tunaookota makombo ya chuo. Wanafunzi wakienda likizo unaweza kutandika mkeka katikati ya barabara kuu ukalala usingizi wa haki, na atakayekuja kukuamsha ni mbuzi.

Katika likizo hiyo ndipo mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alipokuwa anaolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Wageni wa upande wa bwana harusi, watu kumi na mmoja, walifika Alhamisi kutoka jijini, na kwa kuwa hatuna hoteli ya kumlaza mtu unayemheshimu, tuliwaombea vyumba katika bweni la wanafunzi. Mama wa bwana harusi, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa na pini tatu kwenye ukosi wa gauni hata safarini, tulimpa kitanda cha chini. Shemeji yake, baba mdogo wa bwana harusi, mzee ambaye kufikia chakula cha mchana alikuwa ameshauliza maswali arobaini, tulimpa cha juu katika chumba cha wanaume. Tukambatiza Mkaguzi. Asubuhi alishuka kutoka kwenye kile kitanda kama paka anayeshuka bati la moto.

Sasa nikwambie siri, maana bila siri hii utaona tulikuwa tunahangaika bure. Wakwe zetu waliamini kwamba mpwa wangu ana shahada ya ualimu ya chuo chetu. Hakuwa nayo. Mwaka wa mwisho alianguka masomo mawili, akatakiwa kurudia mwaka mzima. Waliolijua hilo katika ukoo wetu walikuwa yeye na mimi tu. Bwana harusi hakujua.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya mahafali, miaka mitatu nyuma, alikuja studio kwangu. Wenzake walikuwa wanapita dirishani na majoho yao, wamefurahi kama kunguru waliookota samaki. Yeye akakaa kwenye kigoda cha wateja, hasemi neno. Mama yake alikuwa na miezi minne kitandani, na daktari alikuwa ameacha kututajia tarehe ya kurudi kliniki. Kitu kimoja tu kilichokuwa kimembakiza dada yangu duniani ni hamu ya kumwona binti yake ndani ya joho. Mimi ukimya siuwezi. Mtu akininyamazia nahisi kama kuna bomba limeachwa wazi mahali fulani. Nikatania hiki, nikatania kile, nikachomoa joho la studio kwenye msumari wake, nikamvika, nikambonyezea. Jioni ile picha ilikuwa ukutani kwa dada yangu. Alikufa wiki tatu baadaye akiwa ameitazama mpaka dakika ya mwisho, na kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia watu kwamba ile ndiyo picha bora niliyopata kupiga.

Ila picha ina miguu. Mpwa wangu alikwenda jijini, akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo katika shule ambayo haikumuuliza karatasi, akapata mchumba. Mchumba akaiona picha. Mama mtu naye akaambiwa, akaomba kopi, akaitia fremu, akaitundika juu ya cherehani yake. Kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alionyeshwa: huyu ndiye mkwe wangu, msomi. Hata rangi ya sare ya harusi aliichagua kutoka kwenye ile picha, kutoka kwenye kitambaa kinachoning'inia shingoni juu ya joho. Kijani. Aliwashonea wote kumi na mmoja kwa mkono wake, na masalio akajifunga kilemba.

Alhamisi ile, wageni wakiwa wanaosha nyuso, mpwa wangu alinivuta nyuma ya bweni. Kesho yake, Ijumaa, wageni wangekuwa na siku nzima bila kazi, na alijua ni nani angepewa jukumu la kuwatembeza. Katika ukumbi wa mahafali kuna mbao ukutani zenye majina ya wahitimu wa kila mwaka tangu chuo kianze.

"Wapeleke popote, mjomba," alisema. "Wapeleke hata shimo la takataka. Usiwapeleke ukumbini."

Nikamwambia aniachie mimi. Ukisikia mtu wa ukoo wetu anasema aachiwe yeye, kimbia utafute mtu mwingine.

Usiku sikulala vizuri kwa furaha ya kazi. Kulipokucha nikaketi na kalamu na kuandika, kwa herufi kubwa: VIVUTIO VINANE VYA MJI WETU. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliiwekea vituo vinane. Nilipanga safari izunguke ukumbi kwa mbali kama nzi anavyozunguka sahani iliyofunikwa, na kwa vile kufika saba nilikuwa nimeishiwa mji, cha nane nikaandika: Studio ya Flashi, hazina ya kumbukumbu. Nikatoa kopi kumi na mbili, moja kwa kila mgeni na moja yangu. Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wenyewe, lakini siku ile niliona kama biashara.

Tulianza saa tatu. Lango kuu la chuo lina maneno ya Kilatini yaliyochongwa kwenye jiwe. Mkaguzi akauliza yana maana gani. Nikamwambia yanasema "Lipa ada kwanza." Wakacheka, na mimi mtu akicheka naongezewa mafuta. Makumbusho ya wanyama, ambayo ni chumba kimoja chenye harufu ya dawa, yalitupokea na chatu ndani ya chupa aliyefifia mpaka akawa kama utumbo, na ndama wa vichwa viwili aliyekaushwa, ambaye ndiye mkazi maarufu kuliko wote wa mji wetu. Bustani ya mimea ilikuwa na vibao vya majina ya kisayansi, lakini wanafunzi wamevifuta na kuandika majina ya wachumba wao, kwa hiyo kuna mmea wa miiba unaoitwa kwa jina la mke wa mhasibu wa chuo. Maktaba ilikuwa imefungwa. Tukachungulia dirishani kwa zamu, tukaona viti. Sikudai kwamba ni mji wa ajabu. Nilidai tu kwamba hauna haraka.

Mahali pamoja Mkaguzi alionyesha paa jekundu lililochomoza nyuma ya majengo na kuuliza kama ule ndio ukumbi alikohitimu bibi harusi. Nikamjibu bila kupepesa kwamba ndio, lakini wamepuliza dawa ya mchwa, na mtu akiingia leo atatoka amebebwa. Bwana harusi hakuwapo kunisikia, alikuwa amebaki katika bwalo la chuo anatundika mapambo ya harusi, na nilishukuru, maana yeye alikuwa kijana wa mitambo ya majokofu, mtu ambaye ukimwambia kitu kimeharibika anataka kwenda kukitazama.

Mama yake muda wote huo alikuwa anatembea nyuma, mikono mgongoni, anatazama kuta na nguo za wapita njia. Hakuwa amecheka hata mara moja. Hilo lilinikera kidogo. Mchekeshaji humwona yule mmoja asiyecheka kuliko wale kumi wanaocheka.

Basi tulipofika kwenye mnara wa saa, na yeye akawa wa kwanza kufungua mdomo, nilifurahi kama mvuvi aliyeguswa ndoano. Mnara wetu saa yake ilisimama zamani, ila umezungushiwa mikanda ya vigae vya rangi, na aliuliza zile rangi ni za nini.

Nikamwambia kila kitu. Nilisimama juu ya ngazi ya mnara nikafundisha kama profesa: kila kitivo kina rangi yake, na siku ya mahafali ndiyo rangi ya kitambaa cha shingoni, nyekundu sheria, njano biashara, buluu ualimu, kijani kilimo, na rangi hizo hazijabadilika tangu jiwe la msingi. Niliongeza kwamba watu wa kilimo huwa hawakai karibu na ng'ombe siku hiyo, wasije wakaliwa mabega.

"Ualimu ni rangi gani, mkwe?" akauliza.

"Buluu. Kama ile pale, ya tatu kutoka chini."

Akagusa kilemba chake. "Na hii yangu?"

"Hiyo ni kilimo. Hongera, mkwe, umepata shahada ya mahindi bila kukaa darasani."

Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Nikadhani hakuielewa.

Utaniuliza, na mimi nimejiuliza mara nyingi: ulikuwa wapi, Flashi, wakati mdomo wako unasema maneno hayo? Nitakujibu kwa ukweli. Ile picha nilikuwa nimeitazama mara elfu na sikuwahi kuiona rangi. Zamani studio ilikuwa na vitambaa vinne, vya vitivo vyote. Panya walikula vitatu. Kikabaki kijani, kwa sababu wanafunzi wa kilimo ni wachache na kitambaa chao kilikuwa kimefungiwa ndani ya kopo. Nilipomvika mpwa wangu asubuhi ile nilijiambia, nani atatazama kitambaa? Nilisahau kwamba duniani kuna watu ambao kazi yao ni kutazama kitambaa.

Kutoka mnarani mpaka kwenye daraja la mwangwi, yule mama alitembea nyuma anakipapasa kilemba chake. Wenzake walikuwa wanapiga kelele chini ya daraja wasikie sauti zao zikirudi. Mkaguzi alilitaja jina la mkewe, akakaa kusubiri, akasema hata mwangwi unamwogopa. Katika mtaa wa mashine za kutoa kopi, maduka kumi na moja yaliyopangana, kila moja likiwa na mashine moja na kijiti kimoja cha kuichokonolea, yule mama alisimama kando. Mimi nikajisemea kwamba mji umemgusa moyo.

Kisha nikawapeleka studio.

Picha ya mpwa wangu nilikuwa nimeiondoa dirishani tangu jana yake; ukumbi ndio ulikuwa umenitia hofu, na kwa hofu hiyo nilificha kila chenye jina lake. Joho sikuliondoa. Limekaa kwenye ule msumari muda mrefu mpaka macho yangu yanaliruka, kama mtu anavyoruka kidato kibovu cha ngazi ya nyumbani kwake bila kufikiri. Wageni walijazana ndani, wanatazama nyuso za miaka ishirini na sita zilizobandikwa ukutani. Mimi niko katikati, naeleza nani alikuja kuwa waziri mdogo na nani alikuja kuwa mfungwa mkubwa. Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Mkwe, joho hili ni la nani?"

"Hilo ni la umma," nikasema. "Limehitimu mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa mjini."

Alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa lile joho, ameupindua, anaupitisha kati ya vidole viwili. "Mshono huu ni wa mwanamume."

Nikakiri kwa fahari kwamba ni wangu, na uzi ni wa kahawia kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha.

"Naujua," akasema. "Uko kwenye ile picha. Miaka miwili nakaa chini yake nikishona."

Chumba kikapoa. Mkaguzi, Mungu amweke, alinifungulia mlango bila kujua. Akasema sasa kuna ajabu gani, watu wengi huazima joho wakapiga picha, hata yeye siku ya harusi yake alivaa suti ya jirani. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: ndiyo. Bibi harusi aliazima joho na rangi haikuwa yake, basi. Dunia ingeendelea. Lakini mimi sijawahi kuona mlango uliofunguliwa nikapita bila kucheza ngoma kizingitini. Nikasema kitambaa cha buluu siku ile kilikuwa kimepelekwa kwa dobi. Na kwa kuwa yule mama alikuwa bado ananitazama, nikaongeza kwamba, isitoshe, mwaka ule walimu walivaa kijani.

Aliuachia ule mkono wa joho taratibu, akaunyoosha makunyanzi.

"Ama kilikuwa kwa dobi, ama rangi zilibadilika," akasema. "Chagua kimoja, mkwe, nikishike."

Akatoka. Wote wakatoka nyuma yake, na mimi nikafunga studio na kuwafuata, mwenyeji anayeongozwa na wageni katika mji aliozaliwa.

Bwaloni mpwa wangu na mke wangu walikuwa wanafunga riboni kwenye viti. Bwana harusi alikuwa juu ya ngazi, ana misumari mdomoni. Yule mama hakupaza sauti. Alivuta kiti, akakaa, akamwita mpwa wangu mwanangu, akamuuliza siku ya mahafali yake alivaa rangi gani.

Mpwa wangu alinitazama mimi kwanza. Uso wangu, ambao umewafundisha maelfu ya watu namna ya kuweka nyuso zao, ulishindwa kujiweka. Akausoma wote.

"Sikuwa na mahafali, mama," akasema.

Akaeleza palepale, amesimama, riboni mkononi: masomo mawili, mwaka wa kurudia, mama yake kitandani, picha. Hakunitaja. Hilo nililiona na nikalishukuru kimoyomoyo, kama mwizi anavyoshukuru giza. Bwana harusi alishuka kidato kimoja kimoja, akatoa misumari mdomoni, akaiweka mfukoni. Akamuuliza alikuwa na nia ya kumwambia lini.

"Kila siku," akasema mpwa wangu. "Kila siku ilikuwa kesho."

Kijana alitikisa kichwa polepole, akaikunja ile ngazi, akaiegemeza ukutani vizuri isije ikamwangukia mtu, akatoka nje.

Mama yake akasema maneno marefu kuliko yote niliyomsikia akisema. Alisema yeye shule aliishia darasa la tano, na kama angeambiwa kwamba mkwe wake ameishia la nne angemvika shela kwa mikono yake na kulala salama. Shahada hakuiomba yeye. Aliletewa. "Mimi kusoma mbele za watu huwa nakwama, mwanangu. Kitu pekee nilichowahi kuwasomea watu bila kukwama ni ile picha yako." Akavua kilemba, akakikunja mara nne, akakiacha juu ya kiti.

Saa kumi gari lao lilikuwa limeshapakiwa. Mke wangu aliwasihi wale kwanza, wakasema wameshiba. Mkaguzi alinipa mkono, akaniuliza swali lake la mwisho: yule ndama wa vichwa viwili alizaliwa vile, au alishonwa? Nikamwambia alishonwa. Ilikuwa kweli ya kwanza kumpa tangu asubuhi, akaipokea kwa adabu. Bwana harusi alipanda wa mwisho. Alisema atapiga simu. Na kweli alipiga, mara moja, wiki iliyofuata: alitaka kujua kama ngazi aliyoiazima imerudishwa kwa mwenyewe.

Lakini nilikuwa bado sijaimaliza ile Ijumaa. Gari lilipoondoka, mke wangu alikwenda kuwazuia wapishi na kumtafuta mchungaji. Tukabaki bwaloni mimi na mpwa wangu na viti mia moja na ishirini. Alianza kufungua riboni, kiti kwa kiti, anazizungushia kwenye vidole vyake kuwa vibunda. Mimi nikashika safu ya pili. Madirisha ya bwalo ni makubwa, jua la alasiri lilikuwa linaingia lote, hakuna pa kuficha uso. Tulifungua safu nzima bila neno, na nimeshakwambia ukimya na mimi. Nikasema afadhali viti, vimevuliwa sare kabla ya kuchoka. Hakugeuka. Nikasema angalau chakula kitatutosha mpaka mwezi ujao. Nikasikia mwenyewe jinsi utani ulivyodondoka sakafuni ukalala pale.

"Kwa nini uliwapeleka studio?" akauliza.

Nikamwambia ukumbini hawakufika. Aliniomba jambo moja na nimelitimiza kwa asilimia mia. Nikamwambia nani angejua kwamba mtu anaweza kuitambua sindano ya mtu mwingine kwenye picha. Nikamwambia hata hivyo afadhali imejulikana leo kuliko baada ya watoto wawili. Kila nililosema lilikuwa na akili likiwa peke yake, kama ndama yule: kichwa hiki ni kizuri, na hiki ni kizuri.

Alisema hanilaumu kwa studio. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayelaumu kitu kikubwa zaidi, na mimi nikakasirika. Mtu mwenye hatia hukasirika haraka, anaogopa zamu yake. Nikamkumbusha kwamba nimeibeba siri yake miaka mitatu, sikumwambia hata mke wangu ninayelala naye. Nikamkumbusha mama yake alikufa ana furaha, na ile furaha niliipiga mimi, kwa kamera yangu, bure.

"Mama alikufa akiamini," akasema. "Mimi ndiye niliyebaki ndani ya picha." Bado alikuwa anafungua riboni. "Chuo kilinipa mwezi mmoja wa kujiandikisha kurudia mwaka. Siku ile nilipokaa kwenye kigoda chako fomu ilikuwa mkobani. Watu walikuwa wanakuja kumpongeza mama kitandani. Ningeamkaje Jumatatu nikachukua madaftari, nikapita mbele ya hiyo picha? Ningemwambia naenda wapi?"

Sikuwahi kujua habari ya fomu. Sikuwahi kuuliza. Hapo ningenyamaza, na ningenyamaza ningebaki na kitu mkononi, hata kama ni kidogo. Lakini nilikuwa nimeshachomoka, na nikasema lile ambalo nilikuwa nimelihifadhi miaka yote kwa ajili ya kujitetea siku likizuka la kuzuka.

"Ungekataa," nikamwambia. "Hukukataa. Mimi sikukufuata kwenu. Wewe ndiye uliyekuja studio kwa miguu yako, ukakaa, ukataka picha."

Aliweka kibunda cha riboni juu ya vingine.

"Sikuja kutaka picha, mjomba. Nilikuja kulia. Wewe ndiye uliyeniambia nitabasamu."